Watakuuliza Habari za Baba Yako

Makongeni, Thika
Jumapili alasiri, Januari 1958

Mwanangu Mmbone,

Uko hapo uani unapiga pasi. Nakusikia ukipuliza makaa na kuwafokea wadogo zako wasiguse shuka, na mimi niko huku ndani, nimefunga mlango, nakuandikia kana kwamba umeshafika mbali. Kesho asubuhi utapanda gari la moshi kwenda Nairobi, na kutoka Nairobi kwenda Kisumu. Haya ninayotaka kukuambia nimejaribu kuyasema kwa mdomo tangu Krismasi. Kila nikianza unaniuliza, "Mama, unaumwa?" nami najibu kwamba ni moshi. Basi nimeamua kuyaandika. Barua nitaitia sandukuni, ndani ya sweta. Ukiiona, isome yote kabla hujashuka Kisumu.

Habari za sabuni, za baridi, na za wavulana wenye saa za mkononi, tumezimaliza. Sizirudii.

Nataka kukuandikia habari za baba yako. Chuo cha ualimu ulichopata kiko karibu na kwao Maragoli, na baba yako mdogo Yakobo amekubali kukupokea stesheni. Unakwenda kwa watu ambao hujapata kukaa nao hata siku moja, na umri wako sasa ni miaka kumi na saba. Watakupa ugali, watakutazama ukila, halafu watakuuliza: Zefania aliishije huko Thika? Hilo unaweza kulijibu mwenyewe kwa sehemu. Kisha watauliza: kwa nini hakutuletea watoto wake tuwaone? Hilo hulijui. Mimi ndiye ninayelijua, na nimelificha miaka saba.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokuwa nacho nyumbani. Kimaragoli mimi sikukijua, na Kikuyu chake kilikuwa cha kuchekesha. Kwenye Kiswahili hapakuwa na mwenyeji. Kila mtu alijikwaa zamu yake.

Nilimwona mara ya kwanza akiwa juu ya paa. Ilikuwa Ruiru, kwenye shamba la kahawa alikofanya kazi baba yangu. Mvua zilikuwa karibu na paa la kiwanda lilikuwa linavuja, ndipo Mhindi mmoja fundi wa bati wa hapa Thika akamtuma kijana wake aje kuliziba. Sisi wachumaji tulikuwa tumepanga foleni na madebe yetu tukingoja kupimiwa. Debe langu lilikuwa limechanika kitako, nimeliziba kwa matambara, na kila nikiliinua kahawa zinachuruzika chini. Akashuka ngazi, akalitazama kama daktari.

"Dada, debe yako ni gonjwa," akasema.

"Debe haiugui," nikamjibu.

"Inaugua. Lete niitibu."

Wenzangu walicheka mpaka nyapara akatugombeza. Jioni alinirudishia debe lile, limeshonwa kitako kipya, na mahali paliposhonwa palikuwa laini hata kidole hakikukwaruzika. Nilipitisha kidole pale njia nzima hadi nyumbani.

Alikuja tena Ruiru, na tena, mara nyingine bila kazi yoyote ya paa. Alikuwa mtu wa maneno machache. Kwao shamba lilikuwa dogo na ndugu walikuwa wengi, kwa hiyo alitoka akiwa kijana, akajifunza bati Kisumu, kisha akafika huku. Aliposema anataka kunioa, baba yangu alikataa mara moja. "Mtu wa mbali ni kama maji ya mvua," alisema. "Leo yako uani kwako, kesho hujui yalikokwenda." Cucu yako Wangari, yaani mama yangu, naye hakupaza sauti. Aliniambia tu kwamba nikienda upande ule wa ziwa, hatajua hata njia ya kaburi langu.

Nilimtaka, Mmbone. Lakini maneno yale yaliniingia. Nilikuwa nimesikia habari za wanawake waliochukuliwa na waume wa mbali, wakanyang'anywa watoto, wakarudi peke yao bila kitu. Kwa hiyo siku moja, tukiwa tumesimama karibu na mto, nikamwambia aape.

"Niape nini?"

"Hutanipeleka kwenu. Mimi na watoto nitakaowazaa tutakaa huku."

"Hata kwenda kusalimia?"

"Hata kusalimia."

Akauliza, "Na mama yangu?"

"Mama yako ana watoto wengine," nikasema.

Nilikuwa na umri ulio nao wewe leo. Baba yako akatazama maji, kisha akasema, "Sawa." Alilisema neno hilo kama mtu anayeweka mzigo chini polepole ili usivunjike. Mimi nilifurahi. Nilidhani nimeshinda.

Wewe ulipozaliwa tulikupa jina la mama yake, maana kwetu Wakikuyu msichana wa kwanza ni wa mama ya baba. Mimi mwenyewe ndiye niliyesisitiza. Ndiyo sababu baba yako hakukuita kwa jina lako hata mara moja. Alikuita Mama. Nilikuwa nimempa jina la mama yake ndani ya nyumba, nikaona hilo linatosha.

Sasa wakikuuliza aliishije, waambie hivi.

Waambie alikuwa fundi wa bati, na kwamba hapa Makongeni watu wengi walimjua kwa jina la Fundi tu, hata hawakujua kama ana jingine. Ndoo, karai, koroboi, birika, mifereji ya kukingia mvua paani, na matangi makubwa ya shule na makanisa. Aliamka kabla ya king'ora cha kiwanda na kuacha kazi giza likiingia. Chombo hakikutoka mkononi mwake mpaka akijaze maji, akiweke juu ya gunia kavu, aende kula. Akirudi akalikuta gunia limelowa hata kiasi cha ukucha, anabomoa mshono wote anaanza upya. Mama mmoja wa Kiganjo alifuata ndoo yake mara tatu. Mara ya tatu akamuuliza, "Fundi, kwani hii ndoo unaitengeneza ama unailea?" Baba yako akajibu bila kuinua kichwa, "Nailea." Yule mama alikasirika akaondoka. Lakini ndoo yake ipo hadi leo, juzi nilimwona nayo bombani.

Usiwaambie alikuwa malaika. Watajua unadanganya, maana walimlea. Alikuwa mzito. Aliwaahidi watu kumi kazi ya siku moja, na mimi ndiye niliyesimama mlangoni kuwaambia kesho. Akikasirika hakupiga wala hakutukana, alinyamaza. Nilimwazima jirani nyundo yake ya mti siku moja, jirani akaivunjia mifupa ya mbuzi, na baba yako hakunisemesha siku tatu. Alikula, akanishukuru kwa kichwa, akalala. Siku ya nne akaniuliza kama kuna chumvi, basi yakaisha.

Na nyumbani waambie jinsi alivyokuwa. Hakugusa mtoto kabla ya kunawa mikono kwa mchanga na sabuni, kwa sababu ya ile asidi ya kulehemu. Nilipolazwa hospitali wiki mbili kwa uzazi wa mdogo wako wa mwisho, ni yeye aliyekusuka. Unakumbuka? Vidole vile vya kukunja bati! Ulikwenda kanisani na misuko inayotazama kila upande, wanawake wakaficha vicheko kwenye vitambaa vyao, na yeye akakaa benchi la mbele, amekushika mkono, kifua mbele. Niliporudi nikataka kuifumua. Ukakataa. Ulikaa nayo hadi ikajifumua yenyewe.

Sasa nakuja kwenye lile la pili. Nimeinuka hapa nikanywa maji, nikarudi. Nitaliandika lote.

Ulikuwa na miaka kumi. Ilikuja barua ya Yakobo kwamba mama yao amelala, hainuki tena, na anataka jambo moja tu: kumwona mtoto aliyepewa jina lake. Baba yako hakuja kunisomea pale pale. Alimaliza mfereji aliokuwa akiufanya, akanawa, akaja jikoni na barua mkononi.

"Nyokabi," akasema, "najua nilichoapa. Mimi nimekwenda peke yangu mara mbili kwa miaka yote hii na sikulalamika. Nakuomba unifungulie mara hii moja. Wewe baki. Mimi na mtoto twende, tulale siku nne, turudi."

Nikasema, "Sawa."

Nililisema neno lake lile lile, lakini mimi sikuwa na nia ya kulitimiza. Alitoka akaenda mjini akakununulia viatu vya turubai vyeupe, vya kwanza maishani mwako. Alivificha juu ya kabati akuvalishe asubuhi ya safari. Na mimi adhuhuri ya siku ya kuamkia safari, yeye akiwa kazini, nilikutia kwenye basi pamoja na jirani yetu aliyekuwa akienda Ruiru, akupeleke kwa cucu yako. Nilikuambia ni likizo. Ulikula miwa wiki nzima, ukarudi umenenepa. Wewe hukukosa lolote, mwanangu. Ulikuwa mtoto.

Alipouliza uko wapi nilimwambia cucu ameugua ghafla na ametuma mtu akuchukue. Gari la moshi lilikuwa la asubuhi, hapakuwa na wakati wa kukufuata. Alisimama mlangoni, viatu mkononi. Hakuniuliza swali la pili. Nadhani kama angeuliza ningesema kweli, na nadhani hilo ndilo alilotaka kuniepusha. Akavifunga vile viatu kwenye kitambaa, akaondoka navyo.

Alikaa huko siku tisa. Aliporudi alikuwa amenyoa nywele kwa matanga, kwa hiyo nikajua. Nilimpa uji. Akanywa nusu, akasema, "Aliuliza, jina langu liko wapi. Nikampa viatu. Nikamwambia, mguu wake ni mkubwa hivi."

Nikamwongezea uji ambao hakuuomba.

"Alivishika," akasema. "Alilala navyo. Nimeviacha huko."

Halafu akaenda nyuma ya nyumba, nikasikia nyundo. Hakulitaja jambo hilo tena hadi alipokufa. Ningemshukuru kama angenipiga. Ningekuwa na kitu cha kumlaumu, tungegombana, yangeisha. Badala yake aliendelea kuwa mtu mwema ndani ya nyumba yangu, na mimi nikaendelea kupika.

Huu ndio ujinga wangu, Mmbone, na sitautafutia jina zuri. Niliogopa, nikamfunga mtu kwa woga wangu, na woga huo haukuisha hata baada ya miaka kumi na mbili ya kuishi na mtu ambaye hakuwahi kunipa sababu ya kuogopa. Nilikuwa naulisha kama ng'ombe.

Kisha serikali ikatangaza Hali ya Hatari dhidi yetu Wakikuyu. Hiyo unaikumbuka mwenyewe, lakini kuna mambo ulikuwa hujaambiwa.

Baba yangu alikuwa amekwisha kufa. Ndugu zangu wawili walichukuliwa wakapelekwa kizuizini. Cucu yako alitolewa kwenye nyumba yake, nyumba ikachomwa, akapelekwa pamoja na wengine kwenye kijiji kipya karibu na Ruiru, kilichozungushiwa handaki na miti iliyochongwa. Mvua ziliwakuta kabla hawajapata nyasi za kutosha za kuezekea. Mimi sikuweza kwenda. Mkikuyu hakutoka Thika bila karatasi ya ruhusa, na mimi nilikuwa naogopa hata kwenda bombani. Kila lori la askari lililosimama barabarani, niliwaita watoto ndani nikafunga mlango.

Jumamosi moja nikamwambia baba yako, "Zefania, tupeleke kwenu."

Aliweka mkasi wa bati chini. "Wewe?"

"Mimi na watoto. Kule hakuna haya mambo. Wenzako wote wa magharibi wanapeleka watoto wao nyumbani. Nakuondolea kile kiapo. Twende."

Nilidhani atafurahi. Kwa mara ya kwanza niliona ameumia. Uso wake ulijikunja kama bati. Kisha ukanyooka.

"Na mama yako?" akauliza.

Niliinama nikaokota vipande vya bati.

"Ndugu zako hawapo. Mzee hayupo. Mimi si Mkikuyu, naweza kupita. Tukiondoka, nani atamfikia?" Akachukua mkasi wake. "Tutakwenda mambo yakitulia. Sasa siwezi."

Ndivyo alivyonijibu mtu niliyemnyima mama yake.

Alikusanya madebe ya mafuta yaliyochakaa, akayapasua, akayapiga yakawa vipande bapa, akavifunga nyuma ya baiskeli. Kila Jumamosi alikwenda Ruiru, kushuka Ndarugu, kupita upande wa Kalimoni, jua au mvua. Mara ya kwanza mahomgadi, wale askari waliolinda kijiji, walimsimamisha kwenye daraja la handaki. Alinisimulia mwenyewe, akicheka kidogo.

"Wewe kabila gani?"

"Mragoli."

"Mragoli anatafuta nini huku kwa Wakikuyu?"

"Mama yangu yuko ndani."

"Mama yako ni Mkikuyu?"

"Ndiyo. Anaitwa Wangari. Anavujiwa."

Walimkalisha juani mpaka jioni, wakatupa bati zake handakini, wakamwambia arudi kwao. Alishuka handakini kati ya ile miti mikali, akazitoa moja moja, akazifunga tena kwenye baiskeli, akarudi nazo Thika. Jumamosi iliyofuata akaenda tena. Wakamkalisha tena. Mara ya tatu mkubwa wao akasema, "Mwacheni huyu, ana kichwa kigumu," akaingia. Alimwezekea cucu yako nyumba nzima kwa madebe, Jumamosi tano, na alipomaliza akawaezekea majirani wawili wajane kwa mabaki. Nyumba ile ilimeta kijiji kizima. Unajua bado iko.

Sehemu inayofuata sikuijua mpaka siku tuliyomzika. Cucu yako alikuja mazishini kwa karatasi ya siku moja. Baada ya watu kutawanyika aliniita nyuma ya nyumba, pale kwenye meza ya kazi, akaniambia kwa Kikuyu mambo ambayo nakutafsiria kama nilivyoyasikia.

Alisema siku baba yako alipokuwa juu ya paa lake, yeye ndiye aliyeshika ngazi. Miaka kumi na tano alikuwa hajapata kuzungumza naye zaidi ya salamu. Akamuuliza, "Mama yako yu hai?"

"Alikufa."

"Ulimzika?"

"Nilimzika."

"Nyokabi alikuwepo?"

Baba yako akapiga msumari. Akasema, "Nyokabi alikuwa na kazi nyingi wakati ule."

"Mimi nilikuwa najua," cucu yako akaniambia. "Mtoto alikuwa kwangu. Alikuwa anakula miwa yangu huku yule mama anakufa. Huyu mtu alijua kwamba najua. Na bado alikuficha mbele yangu, tena akiwa juu ya paa langu. Nilishika ngazi, Nyokabi, nikashindwa kuinua macho."

Tukakaa pale, mimi na mama yangu, hakuna aliyemlaumu mwenzake. Kila mmoja alikuwa na lake.

Habari za kufa kwake unazo. Lile tangi la shule, masika ya mwaka jana, kulala na nguo mbichi, kifua. Nilimwambia apumzike, akasema mvua inapotea bure na watoto wale hawana maji ya kunywa. Sitakuandikia habari za wodi. Nitakuandikia mazungumzo mamoja tu. Ulikuwa shuleni. Nilikuwa nimempelekea supu, nikamwambia, "Ukipona, twende kwenu. Wote watano. Mambo yametulia sasa."

Akacheka mpaka akakohoa. "Wewe, Nyokabi? Utapanda gari ya moshi?"

"Nitapanda."

"Haya. Basi niache nipone kwanza."

Hakupona.

Tulimzika hapa Thika kwa sababu sikuwa na namna ya kumsafirisha, na kwa sababu barua yangu ilichelewa kufika kwao. Yakobo alifika siku sita baada ya mazishi. Wewe ulimwona kwa nyuma tu, akiondoka. Alisimama mlangoni, nikampa kiti, hakukaa. Akasema, "Ulitunyima watoto. Sasa hata maiti umetunyima." Nikataka kumwambia kwamba la maiti si kosa langu. Lakini la kwanza lilikuwa kweli, na mtu mwenye kosa la kweli hana sauti ya kukanusha la uongo. Akaondoka bila kunywa chai. Nilimwandikia ulipopata nafasi ya chuo, kurasa mbili. Alijibu mstari mmoja: mtoto atapokelewa. Hakunitaja.

Kwa hiyo usishangae wakikutazama kwa jicho la kupima. Si wewe wanayempima.

Ijumaa uliniambia huendi. Ulisema utabaki unisaidie, kwamba mwanamke hawezi kuishi kwa bati, kwamba watu wanasema. Nilikukatiza vibaya, na sikuomba radhi, wala siombi. Najua wanasema, tangu niliposhika vifaa vya baba yako. Ndoo yangu ya kwanza ilivuja kama kikapu. Wanaume waliosimama hapo uani waliniambia niuze vifaa nikauze mboga. Mmoja, fundi pia, akaja na heshima nyingi kunieleza kwamba mume wangu angeona aibu. Nikamwambia, "Mume wangu angeona mshono, angesema bomoa." Nikabomoa. Nilijichoma mkono hapa na hapa, umeona alama. Ya pili ikavuja kidogo. Ya nne ikakaa juu ya gunia tangu asubuhi hadi watoto waliporudi shule, na gunia likabaki kavu. Nililishika gunia lile nikalia, na safari ile kwa kweli haukuwa moshi.

Sasa kanisa limenipa mifereji ya paa lote. Wazee walijadiliana wiki mbili kama mwanamke anaweza kupanda ngazi Jumatano na kuja ibadani Jumapili. Mchungaji akawauliza kama mvua inajua nani aliyefunga mfereji. Nitaanza keshokutwa. Nitavaa suruali yake ya kazi, na atakayecheka acheke, mimi nitakuwa juu na yeye chini.

Kwa hiyo utakwenda. Usitumie huruma yako kwangu kama fimbo ya kujizuia. Nilimzuia mtu mmoja maisha yake yote kwa kujidai nampenda. Sitakubali wewe ujizuie kwa ajili yangu kwa jina hilo hilo.

Nakuomba jambo moja tu, nalo ni gumu. Wakikuuliza kwa nini hakuwapeleka watoto, usinifunike. Wewe ni mtoto wa baba yako, najua jibu litakalokuja mdomoni: kwamba mama alikuwa na kazi, kwamba nauli haikupatikana, kwamba ilikuwa wakati wa vita. Usiseme hivyo. Amenifunika vya kutosha yeye. Sema: mama yangu alinificha siku ile, yeye mwenyewe ameniandikia. Sema mbele ya Yakobo, na mbele ya shangazi zako, na uwape barua hii waisome kama wanataka. Watakasirika. Acha wakasirike. Usilie pamoja nao ili wakupende, na usigombane nao ili kunitetea. Ngoja tu. Kisha waambie habari za daraja la handaki, na za misuko yako, na za ile ndoo ya Kiganjo, maana hizo nazo ni haki yao, nao hawajawahi kuzisikia.

Kisha waambie hili. Mwezi wa Agosti, mifereji ikiwa imekwisha na wadogo zako wamefunga shule, mimi Nyokabi nitakuja Maragoli. Ruhusa ya kusafiri nimeshaanza kuiulizia kwa chifu. Akinikatalia nitarudi, na akinikatalia tena nitarudi tena. Nitakuja na wanangu wawili. Nitashuka Kisumu, nitauliza njia, nitatembea mpaka kwenye kaburi la guku yako, mama ya baba yako, mwenye jina lako. Sihitaji kupokelewa stesheni. Yakobo asiponipa kiti nitasimama.

Usiwaambie ninakuja kuomba msamaha. Waambie ninakuja, basi. Kuomba nitaomba mwenyewe.

Pasi imepoa, nakusikia unaniita nikutazamie shuka. Naja.

Mama yako,
Nyokabi